Kaptura Mbili za Bafta

Kwa karibu miaka miwili nilivaa sanda ya mtu aliyekuwa hai, na mpaka leo sijapata nguo ya ndani iliyonifaa kuliko ile. Naanza na hilo kwa sababu nikilichelewesha nitatafuta njia ya kulikwepa. Nimekwishalikwepa mara nyingi.

Ilikuwa miaka ya vijiji vipya. Mimi nilikuwa mratibu wa kisomo cha watu wazima, kijana wa milimani niliyesomeshwa na wamisheni, mwenye kola safi na hasira za karibu. Kazi yangu ilikuwa kuzungukia madarasa ya vijijini, kutoka Kilosa mjini hadi Kisanga, na kutoka Kisanga hadi Mikumi kwenye barabara kuu, kupeleka chaki na vitabu na kuangalia kama watu wanasoma kweli au wameandikisha majina tu. Mwanzoni nilikwenda kwa baiskeli. Kisha idara ikanipa pikipiki, na majirani wakaniona nimeukata.

Hakuna aliyeniambia habari za mapaja.

Mtu asiyeendesha pikipiki hudhani taabu yake ni vumbi, au kuanguka. Taabu yake ni kukaa. Unakaa juu ya kiti cheusi kilichoanikwa juani tangu asubuhi, chini yako injini inachemka, na barabara inakutikisa kama mama anayechekecha unga. Jasho lote la mgongoni linashuka mahali pamoja. Baada ya saa moja ngozi inalainika. Baada ya saa mbili mshono wa nguo ya ndani unaanza kukata. Nilikuwa nikifika Mikumi natembea kama niliyebana boga katikati ya miguu, na wanakisomo wangu, watu wazima wenye wajukuu, wakiinamia vitabu vyao nisiwaone wakicheka.

Nilijaribu kila kitu. Nilianza na chupi za nailoni, za rangi ya samawati, nilizozinunua Morogoro kwa majivuno makubwa. Nailoni hainywi jasho. Inalirudisha kwa mwenyewe likiwa la moto zaidi, na siku ya kwanza tu nilirudi na malengelenge. Nikavaa kaptura yangu ya kaki ya shuleni ndani ya suruali. Mishono yake ilikuwa minene kama kamba. Nikajiviringishia kipande cha khanga ya mke wangu. Kilijikusanya chote upande mmoja kabla sijatoka mjini. Siku moja nilikwenda bila kitu, na ya siku hiyo sitayaeleza.

Rafiki mmoja alinishauri nichambue kwenye marundo ya kafaulaya, zile nguo kuukuu zilizotoka ng'ambo, maana humo zilipatikana nguo za ndani za pamba laini. Mama yangu akanikatalia. "Utavaaje nguo ya ndani ya maiti usiyemjua?" alisema. Watu wengi siku hizo waliamini kwamba wenye nguo zile wamekufa ndiyo maana zimetufikia. Nilimwambia huo ni ujinga, na kwamba kazi yangu ndiyo hiyo, kuufuta ujinga. Lakini sikuzinunua. Nakumbuka nilivyokasirika, na nakumbuka nilivyotii.

Ndipo nikaenda kwa mtani wangu.

Alikuwa fundi cherehani pale Mabwerebwere, Kilosa, mzee wa makamo ya baba yangu, akishonea kwenye baraza la duka lililofungwa. Baba yake alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge Rudewa, naye mwenyewe alifanya kazi ya mkonge ujana wake wote mpaka kifua kikaharibika kwa vumbi, ndipo akajifunza kushona. Watu wake na watu wangu ni watani. Tunatukanana bila kukasirika, tunanyang'anyana vitu bila kushtakiana, na mmoja akifa, mwingine ndiye anayekwenda kufanya vituko msibani ili wafiwa wapate kupumua. Habari za kufa tulizizungumza kila siku kama watu wengine wanavyozungumza habari za mvua.

"Shikamoo," nilimwambia.

"Marahaba. Bado hujafa?"

"Nangoja wewe utangulie."

"Nikitangulia utanichimbia kaburi kwa nguvu gani? Mbona umepanua miguu kama bata?"

Nikamweleza. Sikutegemea msaada, nilitegemea kuchekwa, na kweli alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka mkewe akatoka ndani na maji. Alipotulia akaniomba ile nguo ya ndani, nikaingia ndani nikaivua nikampa. Akaigeuza ndani nje, akatazama mahali damu ilipokaukia kwenye mshono, akatikisa kichwa.

"Aliyeshona hii alimshonea mtu aliyesimama," alisema. "Wewe unakaa."

Akaniamuru nipande benchi lake kama pikipiki, nimenyoosha mikono kama niliyeshika usukani, nimeinama kidogo. Akanipima nikiwa hivyo hivyo, kando ya njia, watu wakipita na vikapu vyao wakiangua vicheko. Kila nguo ilipojikunja aliweka alama ya chaki. Akanieleza kama anayefundisha darasa: mshono usipite katikati, upite mbele na upande wa nje wa paja, mahali ambapo kiti hakigusi. Miguu ya kaptura iwe mirefu, ikaribie goti, ili paja lisikutane na paja lenzake. Kiunoni kusiwe na lastiki, maana ukiinama inakukata tumbo. Kuwe na kamba ya kufunga mwenyewe. Na nguo iwe bafta, ile pamba nyeupe nyepesi, iliyokwisha fuliwa mara kadhaa, kwa sababu bafta inakunywa jasho na ukiianika inakauka kabla hujamaliza kunywa chai.

"Bafta utaipata wapi?" nilimuuliza. Duka la ushirika wiki hiyo lilikuwa na chumvi na majembe, basi.

"Ninayo."

Baada ya siku tatu akanipa kaptura mbili nyeupe, zimekunjwa vizuri. Mishono yake ilikuwa myembamba, imeshonwa mara mbili, imelazwa hata kidole hakiioni. Nikamuuliza tena nguo kaitoa wapi.

"Nimeikata kwenye sanda yangu," alisema.

Nilicheka mpaka benchi likatikisika. Wiki iliyotangulia alikuwa ameniambia kwamba amemuuza mkewe kwa mkungu wa ndizi, na mkewe alikuwa amesimama pale pale akimimina uji. Ningeacheje kucheka? Naye alicheka. Mkewe tu hakucheka, na mimi nikadhani amechoka.

Safari ya kwanza na zile kaptura nilifika Kisanga nikashuka nikatembea kama mtu. Hakuna kilichonikata, hakuna kilichojikusanya. Zaidi ya hapo kulikuwa na ubaridi. Jua lilikuwa linachoma kiti, injini inatoa joto, uso wangu unaungua, lakini kutoka kiunoni hadi magotini nilijisikia kama niliyekaa kivulini kwenye jiwe. Nilifurahi sana. Niliimba njia nzima, mimi ambaye sauti sina.

Darasa la Kisanga lilikuwa chini ya banda la nyasi, na mwanafunzi wangu bora alikuwa bibi mmoja mkulima ambaye alikuwa ameanza kuandika jina lake bila kuangalizia. Kila nikifika nilimwamkia shikamoo naye akiitika marahaba na kunipa mkono. Siku ile aliitika, lakini mkono aliuficha ndani ya khanga.

"Pole, mwalimu," alisema.

"Pole ya nini, bibi?"

"Ya msiba."

"Sina msiba."

Akanitazama toka kichwani hadi kwenye viatu. "Basi pole ya safari," alisema, akafungua kitabu chake. Darasa zima lilisoma kwa sauti ya chini siku hiyo, na nilipopita kati ya mabenchi walivuta miguu.

Haikuishia hapo. Njiani mzee mmoja alivua kofia nilipompita, akabaki ameishika mpaka nikamwacha mbali. Mikumi, mwenye mgahawa aliniwekea chai akaniuliza kwa upole, "Mmezika saa ngapi?" Nikamjibu vibaya. Mbwa wa pale, waliokuwa na kawaida ya kuifukuza pikipiki kwa kelele, walisimama kimya wakaniangalia. Na karibu na mbuga tembo waliokuwa wakivuka barabara waliinua mikonga kunusa upepo, wakageuka wakarudi walikotoka. Kwa hili la tembo nilijiambia wamesikia injini.

Safari ya pili mambo yakawa vile vile, na ya tatu. Watu walinipa pole kwa mtu ambaye hajafa. Nilianza kuamini kwamba kuna mtu anawachochea wanidhihaki, na hasira zangu mnazijua. Katika hiyo ya tatu, Kisanga, nilifunga kitabu kwa kishindo nikamuuliza yule bibi mbele ya wote, ana maana gani.

"Mwalimu," alisema bila kupandisha sauti, "unanuka karafuu maiti. Ukipata jasho ndiyo inazidi."

Harufu ile nilikuwa naisikia. Ilikuwa kali na ya baridi, inapanda kutoka kwenye nguo kila joto lilipozidi. Nilidhani ni dawa ya nondo. Kwetu milimani tulizika kwa nyimbo na majamvi, na zile chembe nyeupe anazonyunyiziwa maiti wa Kiislamu sikuwahi kuzikaribia. Watu wote wa njia ile walizijua, isipokuwa mimi, mwenye kuufuta ujinga.

Nilirudi Mabwerebwere nimevimba kwa hasira. Sikumwamkia hata shikamoo.

"Nilikwambia," alisema fundi.

"Ulikuwa unatania!"

"Nilikwambia nimeikata kwenye sanda yangu. Ungetaka niseme vipi?"

Akaniingiza ndani, akafungua sanduku la bati. Harufu ikanipiga usoni, ile ile. Ilikuwepo bafta iliyokunjwa, na katikati ya mikunjo vifurushi vidogo vya karafuu maiti. Akanieleza kwa maneno machache. Baba yake alikufa kambini Rudewa siku za kazi nyingi. Nguo haikupatikana, akafungwa kwenye gunia la mkonge, na gunia likawa fupi. Yeye, mtoto, alifuata nyuma ya jeneza akitazama miguu ya baba yake iliyobaki nje, ikitikisika kila wabebaji walipokanyaga shimo. Kwa hiyo alipopata uwezo, maduka yangali na nguo, alinunua bafta, akalala chini, mkewe akampima toka utosini kupita nyayo, na akaongeza.

"Sasa umeipunguza," nilimwambia.

"Nimepunguza. Wewe ulikuwa unatoka damu, mimi sina haraka. Pale Mikumi yanapita malori ya kila namna. Utanitafutia kipande kingine." Kisha akasema, "Mimi nataka kitu kimoja tu, mtani. Miguu yangu isibaki nje."

Nilisubiri utani ufuate. Haukufuata. Alifunga sanduku, akarudi kwenye cherehani.

Nilipaswa kuzivua siku ile ile. Nilizivua, kusema kweli, nikazifua, nikazikunja ili nimrudishie, na safari iliyofuata nikavaa nailoni. Sikufika hata Kisanga. Nilisimama kando ya njia, nikaingia kichakani, nikatoa kaptura ya bafta kwenye mkoba nikaivaa. Ningeweza kusema ilikuwa kwa ajili ya kazi, kwamba bosi alikuwa amenionya pikipiki itapewa mwingine nikiendelea kuchelewa. Alinionya kweli. Lakini sikuwa namfikiria bosi pale kichakani. Niliwaza mapaja yangu tu.

Basi nikaendelea kuvaa sanda nikijua ni sanda. Na kila nilipofika Mikumi niliuliza bafta kwa madereva, nao wakatikisa vichwa. Siku moja, mwaka wa pili, dereva mmoja wa lori hakutikisa. Alikuwa na jora zima nyuma ya kiti chake, akanikatia urefu wa kutosha, akaushika mkononi akiningoja. Sanduku langu la nyuma lilikuwa limejaa vitabu vipya vya kisomo. Wingu la mvua lilikuwa limetanda. Nilitaka kufika nyumbani.

"Niwekee," nilisema. "Safari ijayo nitaichukua."

Ningeweza kuifunga kiunoni. Ningeweza kuivaa shingoni. Safari iliyofuata dereva hakuwepo, na iliyofuata hakuwepo, na fundi aliponiuliza nilimwambia kuna dereva ameahidi. Kila mara alisema, "Haya, mtani." Kikohozi chake kilikuwa kimegeuka, kimekuwa kirefu na kikavu.

Katikati ya Mikumi na Kisanga kulikuwa na mahame. Watu wake walikuwa wamehamishiwa kando ya barabara, kwenye kijiji kipya, na waliondoka na mapaa na nguzo zao. Zilibaki kuta za udongo zinazoyeyuka kwa mvua, mafiga yenye majivu, na mlango mmoja uliosimama kwenye fremu yake bila nyumba nyuma, umefungwa kwa kufuli. Sijui nani alifunga, wala alidhani analinda nini. Nilizoea kupumzika hapo adhuhuri nikitoka Mikumi, ili injini ipoe. Kwa kuwa hakukuwa na mtu, nilivua kaptura iliyolowa jasho nikaitundika juu ya ule mlango, nikakaa kivulini mwa ukuta na suruali yangu tu nikisubiri ikauke.

Siku ninayoisema jua lilikuwa limesimama utosini. Hakuna ndege aliyelia. Nilikuwa nimekaa muda mrefu, nusu nimesinzia, niliposikia cherehani.

Nilifikiri ni injini inayopoa. Chuma kikipoa hutoa mlio. Nikanyoosha mkono nikaigusa injini. Ilikuwa imekwisha poa. Sauti ilikuwa inatoka ng'ambo ya ule mlango, nami naujua mwendo wa kanyagio kwa sababu nilikaa kwenye benchi lile miaka miwili. Ulikuwa mshono mrefu, wa fundi asiye na haraka. Alikuwa na desturi ya kusimama katikati ya mshono akakohoa, kisha akaendelea. Cherehani ikasimama. Nikajikuta nasubiri kikohozi. Nilisubiri nikiwa nimezuia pumzi, jasho likinidondoka kidevuni, na kikohozi hakikuja, wala cherehani haikuendelea.

Nikaenda mlangoni. Nyuma yake kulikuwa na majani na ukuta ulioanguka. Nikaishika kaptura. Ilikuwa kavu na baridi, baridi ya kitu kilichotoka mtungini, katika jua lile. Nikaipeleka puani. Harufu ya karafuu maiti haikuwepo. Ilinuka pamba tu, na petroli kidogo.

Niliivaa, nikawasha pikipiki nikaondoka bila kutazama nyuma. Kisanga sikukusudia kusimama, lakini yule bibi alikuwa kando ya njia na jembe lake begani, akanipungia. Nikamwamkia. Akaitika, kisha akanyoosha mkono wake akanishika wangu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, akaushika kwa muda.

"Leo hunuki, mwalimu," alisema.

Alidhani ananifurahisha. Sijawahi kuogopa mkono wa mtu kama nilivyouogopa ule.

Nilipofika Mabwerebwere jua lilikuwa bado kali. Wanaume walikuwa wamejaa barazani. Cherehani ilikuwa imesogezwa ukutani, na chini ya sindano yake kulikuwa na shati la shule, mshono umefika nusu. Mjane alitoka akanikuta bado nimeshika usukani.

"Alikuwa anashona," alisema. "Adhuhuri. Akasimama nikajua anataka kukohoa, nikamchukulia maji. Hakukohoa." Akalitazama sanduku la nyuma ya pikipiki. "Umekuja na bafta? Alisema safari hii utakuja nayo."

Nilitikisa kichwa.

Wakati huo huo mmoja wa waosha maiti alitoa kichwa kwenye pazia akauliza mtani yuko wapi. Nikasogea. Sikuwa na ruhusa ya kuingia, mimi si wa dini yao, lakini pazia lilikuwa wazi kidogo nikaona. Walikuwa wamemfunika na nguo ikaishia juu ya vifundo. Nyayo zilikuwa zinanitazama. Wa kushoto ulikuwa na nyufa za mkonge za ujana wake, na wa kulia ulikuwa umelainika kwa kanyagio.

"Haifiki," alisema mwoshaji. "Na nguo mjini hakuna, tumekwisha uliza kote. Kuna gunia safi hapo nje. Tufunike miguu kwa gunia, Mungu anajua shida yetu."

Mjane alisikia lile neno. Alinitazama tu, kwa sababu kati ya watu wote pale ni yeye na mimi tulioijua habari ya gunia.

"Msiguse gunia," nilisema. "Nguo iko. Nipeni muda."

Nikazunguka nyuma ya jiko, nikavua suruali, nikavua kaptura. Ya pili nilimwomba jirani akimbie nyumbani kwangu kuichukua kwenye kamba. Mjane akaleta maji na sabuni, na kwanza nikazifua mwenyewe mara tatu, mpaka petroli ikatoka na jasho langu likatoka. Kisha nikachukua wembe wa fundi, ule uliokuwa ukining'inia kwa uzi kwenye cherehani, nikakaa kwenye benchi kufumua. Alikuwa ameshona mara mbili. Kila mshono uligoma. Nilifumua nikilia waziwazi mbele ya wanaume wazima, nikimtukana kwa nini alishona vizuri hivi, nao wakadhani huo ndio utani wangu, wengine wakatabasamu.

Vipande nilivianika juu ya ua. Vilikauka kabla mtu hajamaliza kunywa chai, kama alivyosema. Sheikh akavishika, akauliza kama ni safi, nikasema ni safi, akasema vinafaa. Vikapita ndani ya pazia. Nilisimama pale nikaona mikono ya mwoshaji ikivilaza juu ya nyayo, ikivipitisha chini, ikikunja. Alama ya chaki ya fundi, aliyoihamishia kwenye bafta kutoka vipimo vya siku ile ya benchi, ilikuwa bado inaonekana kwa mbali kwenye kipande kimoja, ingawa nimekifua miaka miwili.

Kaburini walinipisha mbele. Mtani lazima aseme kitu. Watu walikuwa wamechoka na huzuni na wananingoja. Nilikuwa na vituko vingi nilivyoviandaa miaka yote ile, na nilikuwa nimemsomea vingine mwenyewe akavisahihisha. Vyote vilinitoka. Nikasema kilichokuwepo.

"Mtani, sanda yako nimekurudishia. Nimeivaa ndani ya suruali miaka miwili. Imekwenda Mikumi mara nyingi kuliko wewe, na haikunichubua hata siku moja. Miguu yako iko ndani."

Wakacheka. Walicheka mpaka wengine wakashika majembe wasianguke, na mmoja alifuta machozi akisema watu wa milimani hawafai. Niliwatazama wakicheka nikakumbuka benchi linavyotikisika.

Mjane alikuwa amebaki nyumbani na wanawake. Kicheko kilikuwa kimemfikia kabla yangu, maana makaburi hayakuwa mbali. Nilipoingia uani aliinuka kwenye jamvi akaja mpaka karibu, akaniuliza kwa sauti ya kunong'ona.

"Imefika?"

"Imefika, mama."

Akainamisha kichwa, akaenda akaifunika cherehani. Nami nikatoka nikaisukuma pikipiki kwa miguu mpaka nyumbani, kwa kuwa sikuwa na kitu ndani ya suruali na sikuweza kukaa juu yake.